Kimya ndani ya reli: treni inavyoambiwa mwendo wake

Nikiwaambia watu hapa Moshi kwamba kazi yangu ni signali za reli, wengi hufikiria taa tu: nyekundu simama, kijani nenda. Mfumo ninaotaka kuueleza leo hutaukuta kwenye reli yetu ya Tanga hadi Arusha. Umezoeleka kwenye treni za abiria wa kila siku kaskazini-mashariki mwa Marekani, na signali yake huwaka ndani ya kabini, mbele ya dereva.

Ulianzia kwenye kampuni ya reli ya Pennsylvania Railroad, miaka ya 1920. Umeme mdogo wa mizunguko 100 kwa sekunde hupitishwa kwenye reli zenyewe, ukikatwakatwa kwa mapigo. Mapigo 180 kwa dakika: njia nyeupe, kimbia. 120: shuka hadi kama kilomita 72 kwa saa. 75: kilomita 48, jiandae kusimama. Kusipokuwa na mpigo wowote: kilomita 32, macho mbele. (Kampuni nyingine zina viwango vyao.) Ile mizunguko 100 ilichaguliwa kwa sababu: umeme wa majumbani kule ni 60, na nyaya za kuvutia treni zilibeba 25, kwa hiyo vitu hivyo havichanganyiki.

Sasa chungulia chini ya kichwa cha treni. Mbele kabisa ya ekseli ya kwanza zinaning'inia koili mbili za kunasa mapigo hayo, moja juu ya kila reli, bila kuigusa. Lazima zikae pale. Ekseli ni chuma kinachounganisha reli mbili. Umeme ukiifikia unapita humo na kurudi ulikotoka. Kwa hiyo mapigo hutumwa kutoka mbele, yakija kuikabili treni.

Je, kukiwa na treni nyingine mbele yako? Ekseli zake zinameza umeme kabla haujakufikia. Kimya. Mtambo wa kutuma ukiungua, kimya. Wezi wakikata nyaya, na sisi wezi wa nyaya tunawajua, kimya vilevile. Na kimya ni amri ya mwendo wa chini kuliko yote. Waliobuni hili nawavulia kofia.

Msimbo, yaani idadi ya mapigo kwa dakika, ukishuka, king'ora hulia. Dereva ana sekunde chache za kuitikia na kupunguza mwendo, la sivyo breki zinafunga zenyewe.

Udhaifu wake ni uchache wa misimbo. SGR yetu ya Dar hadi Dodoma inatumia ETCS, mfumo wa Ulaya wa kudhibiti treni, ngazi ya 2: ruhusa ya kwenda huja kwa redio, ikitaja umbali na mwendo. Ruhusa hiyo nayo ina mwisho wake njiani, na redio ikinyamaza, treni haiongezewi hata mita moja.