Bakteria Wanaokula Mafuta: Je, Wataweza Kuusafisha Mto Nairobi?

Ni kweli kuna bakteria wa baharini wanaokula mafuta?

Ni kweli kabisa. Anayejulikana zaidi ni Alcanivorax borkumensis, aliyepewa jina mwaka 1998 kutokana na kisiwa cha Borkum, Ujerumani. Katika bahari safi huwa wachache mno. Mafuta ghafi yakimwagika, huzaana upesi.

Wanayalaje, ilhali maji na mafuta hayachangamani?

Hapa ndipo penye ajabu. Hujitengenezea sabuni yao wenyewe, safaktanti ya asili: upande mmoja ni sukari inayopenda maji, upande wa pili hushika mafuta. Umewahi kuosha sufuria ya nyama kwa maji matupu? Mafuta hayatoki mpaka utie sabuni. Ndivyo bakteria hawa wanavyoukatakata utando wa mafuta kuwa vitone vidogo. Kisha, kwa msaada wa oksijeni, huvigeuza kuwa kabonidioksidi na maji. Meli ya Exxon Valdez ilipomwaga mafuta Alaska mwaka 1989, fuo zilitiwa mbolea ili bakteria waliokuwapo wapate nguvu.

Basi tuwalete Mto Nairobi?

Hao wamezoea chumvi, na mto wetu ni wa maji baridi. Isitoshe, udongo wenye oili huwa na bakteria wake, wakiwemo Pseudomonas wanaotengeneza sabuni ya namna hiyo. Kinachowalemea ni maji taka, ambayo humaliza oksijeni mtoni. Tena madini ya risasi yaliyomo mtoni hayaliwi na bakteria yeyote yakaisha. Na usijaribu kuwafuga nyumbani: Pseudomonas aeruginosa huambukiza vidonda na majeraha ya moto.

Mimi ni fundi wa gereji Kirinyaga Road. Nanawa oili kwa petroli. Kuna ubaya?

Upo, ndugu yangu, acha leo. Petroli hukausha ngozi ikapasuka, na ina benzini inayosababisha saratani ya damu. Oili chafu nayo, ikigusa ngozi miaka nenda miaka rudi, huweza kuleta saratani ya ngozi. Vaa glavu. Ukichafuka, jipake mafuta ya kupikia kidogo, futa kwa kitambaa, kisha nawa kwa sabuni. Oili hiyo iweke mtungini, usiimwage mtaroni, kwani mtaro huishia mtoni.

Mboga zilizonyweshewa maji ya mto zikioshwa vizuri, si zinalika?

Kuosha huondoa udongo na vijidudu vingi. Risasi iliyofyonzwa na mizizi haitoki kwa kuosha wala kwa kuchemsha, nayo hudhuru ubongo wa mtoto. Muulize mama mboga wako sukuma wiki yake imelimwa wapi.