Mnyama wa Nyumbani Hapaswi Kulala Msimu Mzima wa Baridi: Dhana Potofu na Ukweli

Msimu wa baridi unapoingia, wapenzi wengi wa wanyama hufunga milango na kuwaacha mbwa na paka wao walale kutwa, wakiamini kwamba huko ndiko kuwatunza. Nia ni njema, lakini dhana zinazoiongoza zinahitaji kusahihishwa, kwa sababu anayeumia ni mnyama asiyeweza kujisemea.

Dhana: Ni kawaida ya mwili wa mnyama kupumzika wakati wa baridi.

Baadhi ya wanyama pori hulala miezi mingi ya baridi, lakini mbwa na paka hawana tabia hiyo. Joto la miili yao hubaki kati ya nyuzi 38 na 39 hivi za Selsiasi mwaka mzima, na misuli, viungo na utumbo wao huhitaji mwendo katika majira yote. Mbwa anayeanza kutafuna miguu ya viti au kubweka bila sababu inayoonekana mara nyingi amekosa la kufanya. Paka anayejilamba tumbo hadi manyoya yakapukutika apelekwe kwanza kwa daktari wa mifugo, kwani dalili hiyo huweza kutokana na uchoshi au na ugonjwa.

Dhana: Mbwa asiyekimbia hajafanya mazoezi.

Dhana hii huwakatisha tamaa wengi wanaoishi katika nyumba ndogo, nayo ndiyo nyepesi zaidi kuibomoa. Mbwa huijua dunia kwa pua, na kunusa, kufuatilia na kutafuta ni kazi inayoshughulisha akili yake na kumchosha kwa namna iliyo njema. Chukua taulo kuukuu, litandaze sakafuni, nyunyiza juu yake sehemu ya chakula chake kikavu, kisha likunjekunje na umwite. Ataingiza pua katika kila mkunjo, atalisukuma kwa mguu, atarudi pale alipokwisha kupita kuhakikisha hakuna punje iliyosalia, na mara nyingi akimaliza hujilaza mwenyewe. Akiizoea kazi hiyo, ficha chakula nyuma ya milango na chini ya viti, chumba baada ya chumba, ili alazimike kutembea, kuinama na kunyoosha shingo.

Kumrushia mpira kwenye ukumbi wenye vigae, jambo ambalo wengi hulikimbilia, kuna hatari kubwa kuliko inavyodhaniwa: akiteleza wakati wa kugeuka, kano za goti huweza kuchanika, kwa hiyo tandika zulia kwanza. Mbwa wenye mgongo mrefu na miguu mifupi nao wasipandishwe na kushushwa ngazi kama zoezi, maana diski za uti wa mgongo wao huharibika kwa urahisi.

Dhana: Paka hujichezea mwenyewe, hahitaji mtu.

Paka ni mwindaji wa vipindi vifupi, na huchangamka hasa alfajiri na jioni. Dakika 5 hadi 10 za mchezo, mara mbili au tatu kwa siku, humfaa kuliko saa nzima ya kumsumbua akiwa na usingizi. Unyoya uliofungwa kwenye fimbo uvutwe ukimkimbia, ujifiche nyuma ya mto, utulie, kisha ukimbie tena, kwa sababu hakuna panya anayemwendea paka usoni. Mwache aukamate, halafu mpe chakula kidogo, ili mfuatano wa kuvizia, kurukia na kula ukamilike. Taa ya leza haimpi kitu cha kukamata, na baadhi ya paka hubaki na fadhaa; ukiitumia, imalizie juu ya kitu anachoweza kukishika. Uzi na utepe visiachwe mikononi mwake bila mtu kuangalia, kwani vikimezwa huweza kukata utumbo.

Paka mnene asiyejongea pia yumo katika hatari zaidi ya kupata matatizo ya njia ya mkojo. Dume anayechuchumaa na kujikamua bila kutoa mkojo anahitaji daktari saa hiyo hiyo, si kesho yake.

Dhana: Mbwa mzee mwenye maumivu ya viungo aachwe atulie.

Kutulia kwa muda mrefu huvikaza viungo na kudhoofisha misuli inayovishikilia. Mizunguko mifupi ya mwendo wa polepole, mara kadhaa kwa siku, humsaidia zaidi, pamoja na kitanda kinachomtenga na sakafu baridi. Daktari wa mifugo ndiye apange kiasi.

Dhana: Baridi inadai chakula zaidi.

Inadai kwa mbwa anayeishi au kufanya kazi nje. Yule anayekaa ndani kwenye joto, ambaye matembezi yake yamepungua, hutumia nishati kidogo kuliko kawaida. Vitafunwa visizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na chakula kinachotumika katika michezo kitolewe kwenye posho yake ya kila siku badala ya kuongezwa juu yake.

Dhana: Sungura na ndege wanatosheka na vizimba vyao.

Utumbo wa sungura hutegemea nyasi kavu na mwendo ili uendelee kufanya kazi. Utumbo huo ukisimama, maisha yake yamo hatarini, na sungura aliyeacha kula na kutoa kinyesi hangojwi mpaka asubuhi. Apewe nafasi ya kukimbia na kuruka, handaki la boksi la kupita ndani yake, na nyaya za umeme ziondolewe pasipo na udhuru, kwa kuwa atazitafuna. Ndege naye huhitaji kuruka nje ya kizimba kila siku. Nyumba inapofungwa kwa ajili ya baridi, awekwe mbali na jiko: vikaango vyenye utando unaozuia chakula kushika vikipata moto kupita kiasi hutoa mvuke unaoweza kumuua kwa dakika chache, hata akiwa chumba cha pili.