Sponji kavu: The Green Mile ilivyonifunza kuhariri huzuni

Mwezi uliopita kijana mmoja aliniletea mswada wa riwaya kuhusu mfungwa anayesubiri kunyongwa. Kurasa arobaini za mwanzo ni kilio kitupu: mfungwa analia, mama mtu analia, askari magereza naye, kwa sababu ambayo sikuipata, analia. Mimi nilimaliza macho makavu. Nikamrudishia na agizo moja: kasome The Green Mile ya Stephen King, halafu uniambie umewaona askari wakifanya kazi mara ngapi.

Nimehariri riwaya miaka mingi, na kwa suala la simanzi bado sijapata darasa linalozidi kitabu hicho. (Nitautoboa mwisho wake. Kama hujakisoma, shauri yako.)

Msimuliaji ni Paul Edgecombe, mkuu wa askari katika Jengo E la gereza la Cold Mountain, kusini mwa Marekani, mwaka 1932. Humo hukaa waliohukumiwa kufa kwa kiti cha umeme. Sakafu ya ukumbi wake ina rangi ya ndimu iliyochujuka, na ndiyo iliyozaa jina la kitabu, yaani Maili ya Kijani. Ukifika kichwani mwa ukumbi, njia inagawanyika: kushoto unatoka uani kuota jua, kulia unapita ofisini kwa Edgecombe kuelekea banda lenye kiti. Amesimamia vifo 78. Sasa ni mzee wa miaka mia na zaidi, anakaa kwenye makao ya wazee, na hesabu hiyo haijampotea.

Ona wanavyofanya mazoezi. Kabla ya kila siku ya kifo, askari hurudia hatua zote, na mnyapara mmoja mzee, Toot, huigiza mfungwa. Anatembezwa, anakalishwa, anafungwa mikanda, na muda wote anatania hadi askari wanajiuma midomo wasicheke. Edgecombe anamkemea. Anajua kwamba kicheko cha leo kinaweza kumtoka mtu kesho, mbele ya mashahidi.

Inapofika zamu ya Eduard Delacroix, kuna tatizo dogo: ni lazima aondolewe jengoni ili asisikie. Delacroix ana panya, Mr. Jingles, anayejua kusukuma kibiringo cha uzi. Basi wanamwambia kwamba wakubwa wa gereza wanataka kumwona panya wake akicheza. Anatoka na furaha yake. Huko anapigiwa makofi, huku wenzake wanajaribu mikanda itakayomfunga. Hakuna anayetoa chozi katika ukurasa huo. Mimi ndiye niliyefunga kitabu nikatoka nje kidogo.

Halafu ile sponji. Ngozi kavu na nywele huzuia umeme, kwa hiyo chini ya kofia ya chuma huwekwa sponji iliyoloweshwa maji ya chumvi ili mkondo upite haraka. Sponji ikiwa kavu, joto hubaki pale pale na mtu huungua. Percy Wetmore, askari kijana ambaye shangazi yake ni mke wa gavana, anaiacha kavu kwa makusudi. King alishatuonyesha hatua hiyo mapema, kama jambo la kawaida la kazi, kwa hiyo siku ya Delacroix msomaji anajua kitakachotokea kabla swichi haijavutwa. Anabaki kusoma huku amekunja vidole vya miguu.

Si jambo la kubuni tu. Mtu wa kwanza kuuawa kwa kiti cha umeme, William Kemmler, katika gereza la Auburn, New York, mwaka 1890, hakufa kwa mkupuo wa kwanza, ilibidi warudie. Na Mei 1990 huko Florida, kichwa cha Jesse Tafero kiliwaka moto baada ya sponji ya asili kubadilishwa na ya kiwandani.

Sisi tuliokulia kwenye hadithi za magazetini tunaujua uchungu wa neno "itaendelea". King alikitoa kitabu hiki mwaka 1996 kama vitabu vidogo sita, kimoja kila mwezi, Machi hadi Agosti, na vya mwanzo vilikuwa madukani naye hajamaliza kuandika. Kilichochapwa hakirudi. Ndiyo maana nashangazwa na jambo dogo la sehemu ya kwanza: John Coffey, mtu mweusi mwenye mwili wa mbuyu, aliyehukumiwa kwa mauaji ya watoto wawili ambayo hakuyafanya, anafika jengoni na kuuliza kama taa huachwa zikiwaka usiku. Anaogopa giza. Unasoma, unapita. Miezi mitano baadaye yuko kitini na anaomba wasimfunike uso. Kufunika ni desturi tu, wala si sheria, kunawasitiri watazamaji. Edgecombe anaamua kwamba safari hii wasisitiriwe.

Lakini nina ugomvi na Coffey. Anaponya watu kwa mikono yake, na anaowaponya ni wazungu: Edgecombe, kisha mke wa bwana jela. Yeye mwenyewe hana kwao, hana jamaa wa kumlilia, hana hata hasira. Wahakiki wengi weusi wamelilalamikia hilo, nami niko upande wao. Mwaka huo huo wa 1932, vijana weusi wa Scottsboro, tisa waliokamatwa Alabama mwaka 1931 kwa shutuma za uongo za ubakaji, walikuwa bado wanapigania shingo zao mahakamani. Wawili kati yao walikuwa wana wa Ada Wright, na mama huyo alikuwa akizunguka Ulaya akihutubia mikutano ili kuwatetea. Coffey angekuwa na mama kama huyo, Edgecombe angekuwa na mtu wa kumtazama usoni, na kitabu kingekuwa kigumu zaidi kwa aliyekiandika.

Kijana wangu alirudi akiwa na pingamizi, na lilikuwa la haki. Mswada wake unatokea Tanzania, ambako sheria bado inataka muuaji ahukumiwe kunyongwa, lakini hakuna aliyenyongwa tangu 1994. "Mzee, askari wangu hawana mazoezi ya kufanya. Wanawahesabu watu wale wale asubuhi, wanawahesabu tena jioni."

Nikamwambia hiyo ndiyo kazi yao, akaiandike.

Juzi ameniletea ukurasa mmoja. Askari anahangaika kumtafutia mfungwa miwani ya kusomea, maana ile aliyotafutiwa mara ya kwanza haimsaidii tena, macho yamezeeka. Mfungwa anaijaribu mpya, anainua kitabu, anakisogeza, anakirudisha. "Hii inafaa, afande," anasema. Afande anaandika kwenye daftari lake tarehe ya kuja kumpima tena.