Je, wajua? Mwenye dau dogo Google anaweza kukaa juu ya mwenye dau kubwa

Ukifika mnada wa Msalato, nje kidogo ya mji wa Dodoma, kanuni haina utata: ng'ombe anaondoka na aliyefika bei. Hakuna anayeuliza unampeleka wapi wala kama unajua kufuga. Sasa shika simu, andika "pampu ya sola bei", utazame yale matangazo ya kulipia yanayotangulia majibu. Nayo yametoka mnadani, mnada ulioanza na kuisha kabla hujainua kidole. Ila huko aliyepanda dau kuliko wote anaweza kujikuta wa pili au wa tatu, au asionekane kabisa, na aliyekaa juu yake akawa analipa karibu nusu ya anacholipa yeye.

Inakuwaje? Jambo hili linawagusa zaidi madalali, kwa hiyo tuanzie kwao.

Tangu serikali itangaze kuhamia Dodoma mwaka 2016, hapa kila mtu ana dalali wake kwenye simu. Hana nyumba wala kiwanja. Ana taarifa na miguu, na chumba kikipata mtu anachukua kodi ya mwezi mmoja. Dalali wa mtandaoni ni huyohuyo, miguu tu ndiyo imepumzika. Duka linampa kiungo chenye namba yake, anakisambaza, na mtu akinunua kupitia kiungo hicho analipwa kamisheni. Amazon wameendesha mpango wa namna hii tangu 1996, na maduka mengi yakafuata. Tofauti kubwa ipo kwenye gharama. Dalali wa vyumba akikutembeza Kisasa, Ipagala hadi Nkuhungu usipende kitu, amepoteza soli ya kiatu (siku hizi hata hiyo soli wanakudai kwanza). Dalali anayetangaza kwa kulipia kliki, kila anayebofya tangazo lake ameshamkata pesa, awe mnunuzi au aliyeingia kuchungulia.

Sasa tuingie mnadani. Tuseme wapo watatu, wote wanauzia watu pampu za sola za kisima. Wa kwanza ametamka kwamba yuko tayari kulipa hadi Sh1,000 kwa kliki, wa pili Sh600, wa tatu Sh400. Google haitazami dau peke yake. Inampa kila mmoja alama kwa mambo matatu: uwezekano wa watu kulibofya tangazo lake, jinsi tangazo linavyolingana na kilichotafutwa, na ukurasa ambao mtu anafikia akishabofya. Tuseme wa kwanza ana alama 3, wa pili 8, wa tatu 5. Zidisha dau kwa alama: wa kwanza anapata 3,000, wa pili 4,800, wa tatu 2,000. Mwenye Sh600 anakaa juu.

Kisha inakuja sehemu ambayo watu wengi hawaijui. Mara nyingi hakuna anayelipa dau lake lote. Unalipa kiasi kinachotosha tu kumzidi aliye chini yako. Mwenye alama 8 anahitaji kuivuka ile 3,000, na 3,000 ukigawa kwa 8 ni Sh375. Mwenye alama 3 anahitaji kuivuka 2,000, na 2,000 ukigawa kwa 3 ni Sh667 hivi. Kwa hiyo aliye chini, ambaye watu wachache wanamwona, analipa Sh667 kwa kliki, na aliye juu analipa Sh375. Namba hizi nimezirahisisha. Hesabu kamili Google hawaiweki wazi, na inaingiza pia mahali alipo mtafutaji, saa, aina ya simu na mengine, na ile alama ya 1 hadi 10 unayoonyeshwa kwenye akaunti ni muhtasari tu. Lakini mwelekeo wake ni huo.

Usidhani ni wema. Google hapati kitu tangazo likionekana bila kubofywa. Kama tangazo la wa kwanza linabofywa mara 2 katika kila watu 100, hata akilipa Sh1,000 yake yote, nafasi ile imeingiza Sh2,000. La wa pili likibofywa mara 5 kwa Sh600, ni Sh3,000. Muuza nafasi anampa kiti anayemletea zaidi kwa kiti kile. Nauli kubwa ya abiria mmoja haishindi basi lililojaa.

Mambo hayakuanza hivi. Mnada wa kwanza wa kliki uliopata umaarufu ulifunguliwa Marekani mwaka 1998 na Bill Gross, kupitia kampuni yake ya GoTo.com. Kule ilikuwa Msalato mtupu: aliyetoa nyingi anakaa juu, na analipa alichotamka. Matokeo yake wafanyabiashara wakaweka programu za kupandisha na kushusha dau usiku na mchana, kila mmoja akimvizia mwenzake. Google walipoleta mnada wao wa kliki mwaka 2002 walifanya mambo mawili: wakaingiza kiwango cha kubofywa kwenye hesabu, na wakamtoza mshindi kwa kumtazama anayemfuata. Wazo la kumtoza mshindi bei ya aliyemfuata lilikuwa limeshaandikwa kitaalamu na mchumi William Vickrey mwaka 1961, kabla ya kompyuta kufika mezani kwa mtu yeyote. Alitangazwa mshindi wa Nobel mwaka 1996 na kufariki siku chache baadaye.

Turudi kwa dalali, maana yeye ana hesabu ya ziada. Tuseme pampu inauzwa Sh1,200,000 na kamisheni ni asilimia 5, yaani Sh60,000. Kama katika kila watu 100 wanaobofya mmoja ananunua, kila kliki ina thamani ya Sh600 kwake. Hapo hajapata wala hajapoteza. Akilipa Sh375, kliki 100 zitamgharimu Sh37,500 na atabaki na Sh22,500. Akilipa Sh667 atakuwa amemsaidia mwenye duka kuuza pampu kwa hasara ya Sh6,700 kutoka mfukoni mwake. Mwenye duka anaweza kuvumilia hesabu hiyo, kwa kuwa ana faida ya pampu yenyewe na mteja atarudi kununua mabomba. Dalali hana pa kufidia. Ndiyo maana kwangu hesabu hii inatangulia kila kitu, hata kabla ya kufungua akaunti. Bidhaa yenye kamisheni ya Sh3,000 sitaitangaza kwa kliki hata nikibembelezwa.

Mimi somo hili nililinunua kwa Sh70,000. Nilikuwa na chumba cha kazi Area D, meza moja, feni inayolalamika, na nikaweka neno moja tu la utafutaji: "pampu". Nikalipatia neno hilo uhuru mpana, yaani nikaruhusu tangazo litokee kwa chochote kinachokaribiana nalo. Bajeti Sh10,000 kwa siku, siku saba. Kliki zilikuja, moyo ukafurahi. Pampu haikuuzwa hata moja. Nikaja kufungua ripoti inayoonyesha watu waliandika nini hasa kabla ya kubofya, na hapo ndipo nilipokaa chini. "Pampu ya maziwa ya mama." "Pampu ya baiskeli bei." "Pampu ya mafuta ya Noah." "Pampasi jumla Dodoma." Mwingine alikuwa mwanafunzi: "pampu ya sola inafanyaje kazi". Mama anayenyonyesha alibofya tangazo la pampu ya kisima, akashangaa, akatoka, na mimi nikalipia mshangao wake.

Kosa lilikuwa langu, na lina dawa mbili. Ya kwanza ni kubana maneno. Ukiyafunga kwa alama za mtajo, tangazo linatokea kwa utafutaji wenye maana ya maneno yako ndani yake. Ukiyafunga kwa mabano ya mraba, linabaki kwenye maana hiyohiyo tu. Ya pili ni orodha ya maneno ya kukataa: maziwa, baiskeli, mafuta, pampasi, kozi, ajira, picha, fundi. Hilo la "fundi" nilijiuliza mara mbili, kwa sababu mafundi nao hununua. Orodha yangu sasa imepita maneno 100, na kila wiki inaongezeka moja au mawili. Kiswahili kinatuumiza na kutusaidia kwa wakati mmoja. Neno moja linabeba vitu vingi, na watu wanaliandika watakavyo: pampu ya sola, pump ya solar, mashine ya maji ya jua. Lakini anayeandika "pampu ya sola kisima mita 60" hana mchezo. Huyo ameshachimba, na kwa ukame wa huku kuchimba si jambo la kufanya kwa kujaribu.

Kubana maneno kunapandisha zile alama pia. Tangazo la mtu anayetafuta pampu ya kisima likisema "pampu ya kisima", atalibofya kuliko lisemalo "vifaa bora vya kilimo". Kichwa cha tangazo kina nafasi ya herufi 30 tu, na lugha yetu ina maneno marefu. "Umwagiliaji wa Matone Dodoma" peke yake inakula 28. Utajifunza ufupi kwa lazima.

Ukurasa nao ndipo madalali wengi wanapoanguka. Wanaona uvivu kuutengeneza, wanampeleka mtu moja kwa moja dukani kwa kiungo chenye namba yao. Hapo unagongana na mambo kadhaa. Google haipendi matangazo mawili ya duka moja kubanana sehemu moja, kwa hiyo unaweza kuwa unagombea kiti na bosi wako mwenyewe. Ukurasa ambao kazi yake ni kumpitisha mtu tu, bila chochote cha kwake, unaweza kukataliwa. Na masharti ya maduka mengi, Amazon wakiwemo, yanakukataza kununua jina la duka kama neno la utafutaji. Soma masharti kwanza, hata kama yamejaa Kiingereza cha mahakamani.

Ukurasa wangu wa pili ulikuwa na mambo ambayo mkulima wa zabibu wa Mpunguzi angeniuliza ana kwa ana: kisima cha mita ngapi kinataka pampu gani, paneli ngapi kwa ekari moja, bei hadi mzigo unafika Dodoma, na ikiharibika nani anaishika. Nikaondoa picha kubwa zilizokuwa zinachelewa kufunguka. Mtu mwenye kifurushi cha saa moja hasubiri.

Mipangilio miwili inahitaji jicho. Bajeti ya siku si ukuta. Ukiandika Sh10,000, siku moja Google inaweza kutumia hadi Sh20,000, ila kwa mwezi haitavuka mara 30.4 ya bajeti yako, yaani Sh304,000. Na ukichagua mkoa wa Dodoma, mpangilio unaokuja wenyewe unahesabu waliopo Dodoma pamoja na wanaoonyesha kuvutiwa na Dodoma hata wakiwa kwingine. Wengi wanashauri ufunge hicho kipengele cha pili. Kwa duka la chakula mtaani, sawa. Kwa pampu mimi nimekiacha wazi, kwa sababu mashamba mengi ya huku wenyewe wako Dar es Salaam, wanakuja Jumamosi kwa treni ya SGR, wanakagua, wanageuza.

Limebaki moja, na hili sikulikuta kwenye mafundisho yoyote ya nje. Mfumo wa kamisheni unategemea mtu abofye, afike dukani, anunue palepale mtandaoni, ili kiungo chako kihesabiwe. Mkulima wa Hombolo mwenye Sh1,200,000 hafanyi hivyo. Anasoma ukurasa, anaona namba ya duka, anapiga simu, anabishana bei, kisha anatuma pesa kwa simu au anamwagiza shemeji aliyeko Kariakoo. Duka limeuza, wewe hujaonekana popote. Nilikwenda kuzungumza na wenye duka, tukakubaliana kwamba anayepiga simu na kutaja neno ZABIBU anapunguziwa nauli ya mzigo, na mimi nahesabiwa kamisheni.

Pampu nne za kwanza nilizolipwa, tatu zilikuja kwa simu. Kwenye ripoti ya Google zilikuwa zinasomeka kama kliki zisizozaa kitu, na maneno yaliyozileta nilikuwa nimeshayawekea alama ya kuyaondoa.