Kile kichwa kidogo cha stesheni hakijachoka

Ukisimama karibu na reli hapa Dodoma ukaona kichwa cha treni cha dizeli kinakwenda mbele, kinarudi, kinagonga behewa na kusimama, hukosi mtu wa kusema, "Hicho kimezeeka, kimeachiwa kichezee mabehewa." La. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, kushanti: kupanga mabehewa na kuyasukuma kwenye njia za pembeni zinazoingia maghalani.

Ati hakina nguvu kwa kuwa kinajikokota? Watu huchanganya mwendo na mvuto. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma ni jepesi kubingirika kuliko tairi juu ya lami, hivyo shughuli pevu ni kuung'oa mzigo uliosimama. Hapo kinachotakiwa ni uzito wa kichwa kuyakandamiza magurudumu yasiteleze. Yakiteleza, dereva anamwaga mchanga mkavu, unashuka kwa bomba mpaka mbele ya gurudumu. Na si gia kama za Fuso: kwenye vichwa vingi vya dizeli, injini huzungusha jenereta, na umeme wake ndio unaoendesha mota zilizo kwenye ekseli.

Tangu treni za umeme za SGR, ile reli mpya ya kisasa, zifike Dodoma mwaka 2024, nasikia pia kwamba dizeli imekwisha. Reli ya zamani, iliyofika hapa mwaka 1910, ina upana wa milimita 1,000. SGR ina 1,435. Kichwa cha SGR hakipandi reli ya zamani, kwa hiyo huku dizeli bado ina kazi. Tena treni ya umeme hutaka waya juu ya reli, na waya juu ya mahali pa kupakia kwa kreni ni balaa tupu.

Dhana inayonitisha ni ile ya kwamba behewa lisilo na kichwa haliendi popote. Breki ikishika, kinachoibana ni upepo ulio kwenye silinda, na upepo huvuja. Ndiyo maana behewa likiachwa hukazwa breki ya mkono na kuwekewa kabari. Halafu kuna viungio vya kuunganisha mabehewa: kila kimoja kina nafasi kidogo, kwa hiyo kichwa kikigonga behewa la kwanza huko mbali usikoona, mshtuko unapita kimoja baada ya kingine hadi la mwisho. Juzi mama mmoja alikuwa ameinama apite chini ya behewa, beseni la karanga keshalisukuma ng'ambo. Ikasikika ta-ta-ta-ta inakuja. Akaruka nyuma. Behewa likasogea kama hatua mbili, likasimama, na beseni likabaki upande wa pili likimsubiri.