Vitamini D na usugu wa insulini uzeeni: maswali na majibu

Usugu wa insulini ni nini?
Insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, ipo, ila misuli, ini na mafuta ya mwili haviiitikii ipasavyo. Kongosho hulazimika kutoa nyingi zaidi ili sukari isipande. Likishindwa, kisukari cha aina ya 2 huingia.

Vitamini D inahusikaje?
Seli za kongosho zinazotoa insulini zina vipokezi vya vitamini D, na za misuli pia. Isitoshe, seli hizo za kongosho huachilia insulini pale kalisiamu inapoingia ndani yake, na vitamini D husaidia kudhibiti kalisiamu mwilini.

Kwa nini wazee hupungukiwa?
Kwa jua lilelile, ngozi ya mtu wa miaka 70 hutengeneza takriban robo tu ya inayotengenezwa na ngozi ya kijana. Kuota jua nyuma ya dirisha hakusaidii: kioo huzuia mionzi inayohitajika.

Basi nikimeza vidonge, usugu utaisha?
Hapa ndipo wengi huteleza. Ni kweli kwamba wenye vitamini D kidogo mara nyingi wana usugu wa insulini, lakini unene huleta yote mawili: mafuta hufungia vitamini D, na mafuta ya tumboni huifanya insulini isisikike. Utafiti wa D2d wa Marekani, uliochapishwa 2019, uliwapa watu 2,423 wenye dalili za awali za kisukari IU 4,000 (IU ni kipimo cha kimataifa cha vitamini) kila siku au kidonge kitupu kisicho na dawa. Baada ya takriban miaka miwili na nusu, 293 wa kundi la vitamini walipata kisukari, na 323 wa kundi la pili. Tofauti ndogo mno kuthibitisha lolote. Tukumbuke, wengi wao hawakuwa na upungufu tangu mwanzo. Kumwongezea mtu aliyeshiba hakumfai sana.

Nipime nini?
Omba kipimo cha damu cha 25-haidroksivitamini D, kinachoonyesha akiba ya vitamini D mwilini. Chini ya nanogramu 20 kwa mililita huhesabiwa upungufu. Chini ya 12 ni mkubwa. Usikubali kipimo cha 1,25-dihaidroksivitamini D, yaani vitamini iliyokwisha kuamilishwa, badala yake, kwani chaweza kusoma sawa hata akiba ikiwa imekauka.

Kiasi gani kwa siku?
Aliyepita miaka 70 anahitaji IU 800, yaani mikrogramu 20. Meza pamoja na mlo wenye mafuta, kisha pima tena baada ya miezi mitatu kama ulikuwa na upungufu. Usivuke IU 4,000 bila daktari. Dozi kubwa ya mkupuo ni hatari: wanawake wazee waliopewa IU 500,000 mara moja kwa mwaka walianguka na kuvunjika mifupa zaidi ya wasiopewa. Kiu kali, kufunga choo na kuchanganyikiwa huashiria kalisiamu imezidi. Mwenye mawe ya figo amwone daktari kwanza.

Usugu wenyewe nitautibuje?
Kwa misuli, kwani ndiyo inayopokea sehemu kubwa ya sukari baada ya mlo. Kaa kitini, simama bila kushika, mara 10. Pumzika, rudia raundi mbili. Fanya hivyo siku mbili au tatu kwa wiki, na siku nyingine tembea dakika 30. Magoti yakiuma, anza na kiti kilichoinuka zaidi.