Kauri ipi hii? Yanayoaminika kuhusu kauri za pwani, na ukweli wake

Karibu kila mtu aliyekulia pwani anaijua kauri, ganda la konokono wa baharini, akiiona. Kujua ni kauri ipi ni habari nyingine. Duniani kuna aina zaidi ya 200, na katika miamba yetu, kuanzia Lamu hadi Mtwara, ziko kadhaa zinazochanganywa kila uchao. Zinazochanganywa zaidi ni mbili zilizowahi kutumika kama fedha: kauri ya pete (Monetaria annulus) na kauri ya fedha (Monetaria moneta). Linnaeus, mtaalamu wa viumbe kutoka Sweden, alizitenganisha tangu mwaka 1758, lakini hadi leo watu huita hii kwa jina la ile. Chanzo kikubwa ni kwamba tunatazama mgongo wa ganda na kusahau kuligeuza.

"Rangi inatosha"

Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote. Kauri ya pete iliyotoka majini haina taabu: mgongo wake ni wa kijivu hafifu au mweupe wenye ubuluu kidogo, umezungukwa na mstari wa rangi ya dhahabu. Taabu huanza ganda likishasukwasukwa na mawimbi. Pete hufifia, hukatika vipande, mwishowe hutoweka kabisa. Na kauri ya fedha nayo mara nyingine huwa na mstari mwembamba wa rangi ya chungwa mgongoni. Ukifuata pete peke yake, utamnyima jina mwenye nalo na kumpa asiye nalo.

Umbo ni shahidi mwaminifu zaidi. Liweke ganda kiganjani, mgongo juu, ulitazame kutoka juu kabisa. Kauri ya pete ina umbo la yai, na kingo zake huteremka laini bila kikwazo. Kauri ya fedha ina pembepembe: hupanuka kuelekea nyuma, na pale inapopanuka pana vinundu ambavyo ukipitisha ncha ya kidole utavihisi hata ukiwa umefumba macho. Rangi yake huwa ya manjano, iliyopauka au iliyokolea, na pengine hupitiwa na mikanda hafifu ya kijivu.

Kisha ligeuze. Mdomo wa kauri ni ufa mwembamba unaokwenda kutoka ncha moja hadi nyingine, wenye meno pande zote mbili. Meno hayo, upana wa ufa, unene wa kingo na rangi ya tumbo hukaa muda mrefu kuliko rangi ya mgongo, kwa sababu mgongo ndio ulioinuka na ndio unaosuguliwa kwanza. Yapo maganda ya kati na kati, kauri ya fedha yenye vinundu vidogo mno au ya pete yenye kingo nene, na hapo uamuzi hutokana na alama kadhaa kwa pamoja. Anayekupa jina kwa alama moja tu anabahatisha.

"Kauri ya zambarau ni aina adimu"

Hakuna aina hiyo. Ganda la kauri limejengwa kwa matabaka, na katika aina kadhaa tabaka lililo chini ya rangi ya nje ni la zambarau. Bahari ikilisugua ganda, zambarau hujitokeza. Mafundi nao husaga mgongo makusudi ili kupata rangi hiyo, kisha maganda hayo huuzwa kama mapambo. Aina mojawapo inayosagwa ni Monetaria caputserpentis, mkazi wa miamba inayopigwa na mawimbi, ambayo ikiwa salama ina mgongo wa hudhurungi wenye vidoadoa vyeupe. Itazame pembeni na chini: kingo pana za hudhurungi iliyokolea na tumbo bapa havijaguswa na msasa, na vinaitaja waziwazi. Inauma kuona mtu akitozwa bei ya kitu adimu kwa kauri ambayo mawe ya pwani yamejaa.

"Ndogo ni mtoto wa kubwa"

Hapa hata waokotaji wazoefu huteleza. Kauri changa haifanani kabisa na mzazi wake. Ganda lake ni jembamba na jepesi, mdomo uko wazi, halina jino hata moja, na upande wa nyuma unauona msokoto wake kama wa konokono mwingine yeyote. Rangi nayo ni tofauti: dondo (Cypraea tigris), tunayemjua kwa madoa, akiwa mchanga huwa na mikanda ya hudhurungi. Mtu akiokota ganda la namna hiyo hudhani amepata aina nyingine.

Konokono akikomaa, ukingo wa nje wa mdomo hujikunja kwa ndani, ufa huwa mwembamba, meno hutokea, na msokoto hufunikwa. Kuanzia hapo ganda haliongezeki urefu; huongezeka unene tu. Kwa hiyo kauri ya pete yenye sentimita 1.5 na nyingine yenye sentimita 2.5 zinaweza zote kuwa zimekomaa, na ile ndogo haitaifikia kubwa kamwe. Ukitaka kujua kama ni changa, tafuta meno kabla ya kuchukua rula.

"Mng'aro huo ni vanishi"

Wapo wauzaji wanaopaka mafuta, ni kweli. Lakini kauri hai hung'aa yenyewe. Konokono huyu hutandaza nyama yake laini kutoka pande zote mbili hadi zikutane mgongoni, akalifunika ganda lote. Nyama hiyo hulilinda ganda na msuguano, huzuia viumbe vingine visiote juu yake, na ndiyo inayoweka tabaka jipya. Mahali pande mbili zinapokutana pengine hubaki mstari uliopauka, na kwenye dondo wengi utauona. Haijapasuka wala haina kovu.

"Kauri zote zilizotumika kama fedha zilikuwa aina moja"

Kwa karne nyingi fedha ya kauri iliyotumika Afrika Magharibi ilikuwa hasa Monetaria moneta kutoka visiwa vya Maldivi, ikisafirishwa na Wareno, Waholanzi na Waingereza. Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara wa Hamburg, Ujerumani, waligundua kwamba kauri ya pete ya mwambao wa Zanzibar ilipatikana kwa bei ndogo zaidi, wakaanza kuipeleka Afrika Magharibi kwa shehena kubwa kubwa. Ilikuwa kubwa na nzito zaidi, ikafurika masokoni, na thamani ya fedha ya kauri ikaporomoka. Familia zilizokuwa zimeweka akiba ya kauri zilipata hasara. Buganda nako kauri zilitumika kama fedha, na zilifika huko kwa njia za misafara kutoka pwani.

Ndiyo maana wachimbuaji wa mambo ya kale hujali sana tofauti hii. Ganda la Maldivi na ganda la Zanzibar katika shimo moja husimulia biashara mbili. Nao hawana anasa ya kutegemea rangi. Kauri nyingi za kale, na hata zile zinazoshonwa leo kwenye mikanda na mapambo, zimekatwa mgongo ili zikae bapa na uzi upite. Pete imekwenda na kipande kilichotupwa. Kinachobaki ni tumbo, meno na mzunguko wa kingo.

"Yenye madoa ni dondo"

Dondo ni mnene, wa duara, mara nyingi hupita sentimita 7, na tumbo lake ni jeupe pamoja na meno. Kauri wa aina nyingine, Lyncina lynx, pia ana madoa lakini ni mdogo na mrefu kiasi. Ukimgeuza, katikati ya meno yake kuna rangi ya chungwa inayokaribia nyekundu. Alama hiyo ikionekana, mjadala umekwisha.

"Huwezi kuitambua bila kuichukua"

Unaweza. Maji yakipwa, ukimkuta kauri hai chini ya jiwe, mguse kwa upole naye ataivuta nyama yake ndani na kukuonyesha ganda. Piga picha ya mgongo, ya ubavu, na ya tumbo, pamoja na rula au sarafu kwa kipimo. Mgeuze haraka kisha mrudishe alivyokuwa, na jiwe nalo ulirudishe upande uleule, kwa sababu viumbe vya chini yake hufa kwa jua. Ukimwona ametulia juu ya kichungu cha mayai asiondoke, huyo ni jike anayeatamia. Usimgeuze, piga picha ya mgongo peke yake na uendelee na jiwe jingine.